Pomboo na Pumzi za Mzee Shalva

Kiangazi cha kwanza alikufa baba mkwe wa Irma. Cha pili akafa shangazi aliyekaa kijiji cha Terjola, ambaye watu walidhani atawazika wote. Cha tatu akafa kaka wa mama wa ubatizo wa binti yake Tekla, mtu ambaye Irma alimwona mara mbili tu, zote mbili harusini na zote mbili amelewa. Lakini msiba ni msiba, na mama wa ubatizo si mtu wa kumpa pole kwa simu. Kila mara safari ya Batumi, mji wa pwani wenye onyesho la pomboo, ilikuwa imeshapangwa, mtoto ameshaahidiwa, na kila mara pomboo waliruka na kupiga mpira kwa pua mbele ya watoto wa watu wengine.

Sasa kilikuwa kiangazi cha nne, na mzee Shalva wa ghorofa ya tatu alikuwa hoi kitandani.

"Sikiliza nikwambie," alisema Tsiala, mama mkwe, huku akimenya vitunguu saumu. "Shalva akifa kabla ya Jumamosi, hakuna cha pomboo wala cha papa. Watu watasema nini?"

Irma aliketi kuvua viatu. Alikuwa amesimama tangu alfajiri mbele ya tanuri la mkate anakofanya kazi, na nyayo zilimwaka moto. Watu watasema nini: hiyo ndiyo iliyokuwa katiba ya jengo lao pale mjini Zestaponi, na ilitiiwa kuliko ile ya serikali. Maiti akilala nyumbani siku zake zote mpaka mazishi, wanaume wa jengo zima hubeba meza na kufunga turubai uani, wanawake hupika, na jioni watu hupanda ngazi kuzunguka jeneza. Hakuna aliyewahi kuonekana akishuka ngazi hizo hizo na boya la kuogelea mkononi. Kama yupo, alihama zamani na hatajwi.

Na Irma ndiye aliyekuwa na mkono wa maharage. Sijui nani aliusifia mara ya kwanza, ila alimfanyia ubaya mkubwa. Tangu siku hiyo mtu akikata roho katika jengo lile, au jengo la jirani, au huko mtaa wa kituo cha treni, Guram wa chini, ambaye alijipa mwenyewe uenyekiti wa misiba yote, humpigia simu Irma kabla hajampigia padri. Maharage, wali wa nyama, ngano ya kuchemsha na asali. Amechambua maharage ya watu aliowapenda na ya watu aliowachukia, na mgongo haukujua tofauti. Wahenga wanasema kufa kufaana. Irma hakuwahi kufaidika na kifo cha mtu hata siku moja, labda harufu ya kitunguu isiyotoka vidoleni.

Kwa hiyo safari hii aliitaka. Nisiseme ilikuwa ya mtoto tu, maana ningemsingizia wema. Alikuwa ameiona picha ya ukumbi ule: viti vya buluu vimezunguka bwawa, na watu wamekaa. Wamekaa tu. Hakuna aliyekuwa akibeba sinia. Irma alitaka kukaa kwenye kiti kimoja cha namna hiyo, binti yake ubavuni, atazame mnyama akifanya kazi badala yake.

Mumewe, Temuri, alipata likizo kiwandani wiki hiyo moja, na tiketi za onyesho la Jumamosi alishazinunua kwa simu, za watu wanne, safu ya mbele ambako maji hurukia watu. Wiki nyingine hakuna likizo, na baada ya hapo shule zinafunguliwa. Hesabu ilikuwa fupi: Jumamosi hii, au mwaka mwingine, na mwaka mwingine ungekuja na maiti wake.

Tsiala alitangaza mapema kwamba yeye haendi. Mjane wa miaka mitatu, amevaa nyeusi toka kitambaa cha kichwa mpaka soksi, aende kupigia samaki makofi? Temuri alimwambia kwamba pomboo si samaki. Tsiala akasema hata kama ni maaskofu, haendi. Siku iliyofuata aliuliza, kana kwamba anamuulizia mtu mwingine, kama viti vile vina pa kuegemea. Jioni yake akasema mtoto atahitaji mtu wa kumshika mkono, maana Irma na Temuri wote akili zao ziko mbali. Tiketi ya nne ilikuwa yake tangu mwanzo, na alijua.

Aliyewatia wasiwasi ni Tekla. Alikuwa na miaka sita alipoahidiwa pomboo, na sasa alikuwa na tisa. Kiangazi cha kwanza alilia mpaka akatapika. Cha pili alilia. Cha tatu alivua viatu vyake vya safari, akavirudisha kwenye boksi, akamuuliza bibi yake kama maharage yanahitaji kuchambuliwa. Mwaka huu hakuuliza lolote. Alipoambiwa Jumamosi, alisema "sawa" kama mtu mzima anayeahidiwa na mwanasiasa. Irma aliisikia ile "sawa" na akaielewa. Mtoto anayelia bado anakuamini. Huyu alikuwa anakaribia kuacha, na Irma alijua kwamba safari hii ikivunjika, hata pomboo wote wa Bahari Nyeusi wakija Zestaponi kwa miguu, hawatamrudisha.

Katikati ya wiki Irma akagundua kwamba maziwa mgando yanaisha haraka kwenye jokofu. Akamuuliza Tekla. Tekla akasema anampelekea babu Shalva, bakuli moja kila siku baada ya chakula cha mchana. Irma akafurahi, akambusu utosini, akamwita mtoto mwema. Mtoto mwema akaangalia sakafu.

"Mama, akivuta pumzi leo inachukua muda kidogo kurudi," alisema. "Lakini inarudi. Nafikiri atafika Jumamosi."

Irma aliketi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mtoto wa miaka tisa alikuwa akipanda ngazi kila siku kumpima mgonjwa uhai, na bakuli la maziwa mgando lilikuwa hodi yake tu. Na kibaya zaidi, Irma aliposikia neno "atafika," moyo wake ulipoa kwa furaha kabla haujakumbuka kuona haya.

Akapanda mwenyewe kuomba radhi. Lamara, mke wa Shalva, alimfungulia, mwanamke mwembamba aliyekuwa amezidi kukonda kwa kukesha, akamwonyesha chumba. Shalva alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu karibu na dirisha, mashavu yameingia ndani, lakini macho yale yale ya utani. Alikuwa dereva wa treni ujana wake wote. Irma akaanza: mtoto ni mtoto, hana maana mbaya, ametusikia tukiongea, tusamehe. Mzee akainua kidole.

"Mwache mwanangu. Huyo binti yako anazidi daktari. Daktari huja mara moja kwa wiki na hukaa mlangoni. Yeye hukaa hapa hapa, ananitazama kifua, nami namwambia, hesabu, babu, hesabu vizuri." Alimwita Tekla babu, kama wazee wa kule wanavyowaita wajukuu kwa jina lao wenyewe. "Mnaondoka lini?"

"Jumamosi asubuhi, Mungu akipenda."

"Mungu hana neno. Tatizo ni Shalva." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Lamara akamshika mgongo. Kilipotulia alisema, "Irma, miaka yote ile kwenye reli, abiria hawakuchelewa kwa ajili yangu. Sitaanza na huyu mdogo. Nitajikaza."

"Usimpangie Mungu ratiba, we mzee," Lamara alisema, akampiga kofi dogo mkononi, na mkono wake ukabaki pale pale juu ya mkono wa mumewe.

Irma alishuka ngazi akiwa amechoka zaidi ya alivyopanda. Ni kazi nzito kumwombea mtu apone wakati unaomba tu afike Jumamosi.

Siku zilizobaki nyumba nzima iliishi kwa kunong'ona. Maandalizi ya safari yalifanywa kama ya wizi. Boya la Tekla liliingizwa ndani ya gunia la unga. Mwavuli wa ufukweni Temuri aliubeba usiku-usiku ukiwa umefungwa zulia, na Guram akamkuta ngazini hata hivyo, akamuuliza analipeleka wapi zulia. Temuri akasema kufua. Guram akasema hilo ni jambo jema, maana zulia safi litahitajika kwa Shalva karibuni, watu watakuwa wengi. Tsiala alichemsha mayai, akaoka mikate ya jibini, akakaanga kuku mzima, na kila jirani aliyepita akinusa mlangoni aliambiwa kwamba Temuri ana mgeni kutoka kiwandani. Mgeni huyo wa kuzuliwa alikula vingi.

Simu ikilia, wote wanne waliruka. Mlango ukigongwa juu, vijiko vilisimama njiani. Ijumaa jioni sauti ya mwanamke ilisikika uani ikilia kwa nguvu, na Irma akafunga macho, akasema moyoni, haya basi, nileteeni hayo maharage. Kumbe ni mwanamke wa ghorofa ya kwanza, paka wake alikuwa ameangukia ndani ya pipa la lami.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi juu ya mto na jengo lote kimya. Shalva alikuwa amejikaza. Irma hakuamini. Temuri alishusha mizigo akiwa na soksi tu, asisikike, Tsiala akashuka na nyeusi zake zilizopigwa pasi, Tekla akavaa vile viatu vya safari, ambavyo sasa vilimbana, na hakusema vinambana. Irma akabeba mkate uliobaki kazini jana, akapanda kumwachia Lamara na kumuaga mzee. Hakutaka kuondoka kama mwizi.

Aligonga kwa kucha. Lamara alifungua mlango kiasi cha uso wake tu. Alikuwa amechana nywele na amevaa gauni jeusi.

"Amelala," Lamara alisema. "Nendeni salama."

Irma alimpa mkate. Mlango ulisogea kidogo Lamara alipoupokea, na nyuma ya bega lake Irma akakiona kioo kikubwa cha ukumbini kimefunikwa shuka jeupe, limebanwa kwa vibanio vya nguo juu na pembeni. Kule kioo hufunikwa kwa maiti, si kwa mgonjwa.

Walitazamana.

"Lini?" Irma aliuliza.

"Alfajiri." Lamara aliongea polepole, akiubana mkate kifuani. "Jana aliniapisha. Akasema, Lamara, ukipiga yowe kabla gari la Temuri halijatoka, nitafufuka nikuchape. Nimemfunga macho, nimemuosha uso. Nimekaa naye. Nenda, Irma. Hujaona kitu."

"Umekaa peke yako tangu alfajiri?"

"Nenda, nimesema. Mtoto anakungoja."

Irma alisimama pale, mkono kwenye fremu ya mlango. Nitasema ukweli wake, maana ndio unaomheshimu: alichokiona kwanza ni kile kiti cha buluu. Alikiona waziwazi, na akakitamani. Gari lilikuwa tayari. Angeweza kushuka, na Lamara angeshukuru, na hakuna mtu ambaye angejua. Halafu akamtazama yule mwanamke aliyekuwa akishikilia mkate kama mtoto mchanga, ambaye ameuzuia msiba wake mwenyewe mdomoni kwa sababu ya boya lililo ndani ya gunia la unga.

"Nakuja," alisema. "Usifunge mlango."

Chini aliwaambia kwamba simu imepigwa kutoka kwenye tanuri, mwenzake ameungua mkono, hakuna mtu mwingine, lazima aende. Temuri alitupa ufunguo juu ya bodi ya gari. Alisema atamnyonga huyo tajiri wake, alisema basi wote wasiende, alisema miaka minne, Irma, miaka minne. Irma akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kama hawaendi leo hawataenda tena, na amwangalie mtoto usoni kama anabisha. Temuri akamwangalia.

Tekla alikuwa ameshika mlango wa gari, hajaingia. "Mama, umempitia babu Shalva?"

"Nimempitia."

"Anapumua?"

Irma alipiga magoti, akamfunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Amelala, mwanangu. Amesema ukawatazame vizuri, uje umsimulie."

Ulikuwa nusu uongo, nusu kweli. Tekla alimkazia macho, kisha akaingia.

Tsiala alikuwa bado nje ya gari. Alikuwa ameinua shingo akitazama dirisha la ghorofa ya tatu, ambalo kila asubuhi kwa wakati huo Lamara hulifungua ili mzee apate hewa. Lilikuwa limefungwa na pazia limeshushwa. Irma aliona uso wa mama mkwe ukibadilika, na akajua kwamba yameisha, kwamba sasa hivi atasikia habari ya watu watasema nini. Tsiala alijipiga ishara ya msalaba mara tatu, pole pole. Kisha akaingia kiti cha nyuma karibu na mjukuu wake, akavuta mlango.

"We Temuri," alisema kwa ukali, "unangoja tuote mizizi? Washa gari."

Irma alipanda ngazi mbili mbili. Lamara alimvuta ndani, wakafunga, wakaenda chumbani alikolala Shalva, mikono imewekwa juu ya kifua, uso mtulivu na mkaidi kama wa mtu aliyeshinda ubishi. Wakaketi kila mmoja upande wake wa kitanda. Gari lilikohoa, likakataa, likawaka, likatoka uani. Lamara alifungua mdomo.

"Bado," Irma alisema, akainua mkono. "Subiri. Hawa husahau kitu daima."

Wakasubiri. Na kweli, hawajafika mbali, sauti ya lile gari ikarudi, ikasimama chini, mlango ukafunguka. Viatu vya Temuri vikapanda ngazi mbio. Lamara alikuwa ameshaanza kutetemeka mabega, chozi la alfajiri yote lilikuwa limefika kooni, akakamata ncha ya kitambaa chake cha kichwa akaitia mdomoni, akaing'ata. Irma aliinama juu ya kitanda akamshika mikono yote miwili. Hapo chini yao Temuri alikuwa akifungua mlango, akinung'unika peke yake kwamba mtu asahau mke, asahau na kuku. Mlango ukabamizwa. Viatu vikashuka. Gari likaondoka mara ya pili, na safari hii mlio wake ulikwenda ukipungua, ukipungua, ukawa kama nyuki, ukaisha.

"Wamevuka mto?" Lamara aliuliza, kitambaa bado mdomoni.

"Bado kidogo."

Wakakaa. Irma aliwaza daraja, kituo cha mafuta, mahali pale wanapouza mikate mitamu kandokando ya barabara, ambapo Tekla atataka wasimame.

"Sasa wamevuka," alisema.

Akainuka akafungua dirisha, lote, mbawa zote mbili. Lamara akatoa kitambaa mdomoni, akalia. Alilia jina la mumewe kwa sauti iliyotikisa vioo vya jengo, na milango ikaanza kufunguka ghorofa kwa ghorofa. Irma naye akalia. Katika misiba yote ile alikuwa amelia kwa adabu, jicho moja likiwa kwenye sufuria. Leo alilia kwelikweli, kwa ajili ya Shalva, na kwa ajili ya kiti kimoja kitupu mbele ya maji huko Batumi, kando ya binti yake, na hakujaribu kutenganisha chozi la huyu na la kile.

Guram ndiye aliyefika wa kwanza, na kandambili, shati halijafungwa. Alivua kofia, akampa Lamara mkono, akajipiga msalaba, na papo hapo uenyekiti ukampanda. Amekata roho lini? Lamara alimtazama Irma.

"Sasa hivi," Irma alisema.

"Mungu amrehemu. Meza ziko wapi, ghalani? Turubai nani analo?" Tayari alikuwa ametoa simu mfukoni na kidole kinatafuta jina. "Nimeona gari la Temuri likitoka, hawezi kuwa mbali. Ngoja arudi, nahitaji wanaume wa kubeba."

Irma aliiweka mikono yake, ikiwa bado na maji ya machozi, juu ya ile simu.

"Nimeshampigia mimi," alisema.

"Eh? Kasemaje?"

"Kasema poleni. Kasema atakuja jioni."

Guram alimtazama, akatazama mikono ile juu ya simu yake, akatazama dirisha lililofunguliwa wazi. Kisha akairudisha simu mfukoni, akashuka kutafuta watu wengine.